Samaki wa Birika

Ukuta wa nyumba niliyoalikwa, mtaa wa Mkomani mjini Lamu, una unene wa nusu mita hivi. Nimeupima kwa mkono pale penye mlango, toka kiwiko hadi ncha za vidole, na bado ukabaki upana wa vidole viwili. Nje ni saa saba mchana. Punda wawili waliobebeshwa mchanga wanapishana kwa taabu kichochoroni, mmoja akisugua tumbo ukutani, na harufu ya mavi yao imechanganyika na ya papa mkavu anayechomwa nyumba ya pili. Ndani ni kivuli na chokaa, na ubaridi wa kumfanya mgeni anyamaze kidogo kabla ya kusalimu.

Nyingi za nyumba hizi za mawe ni za karne ya 18, na mji mkongwe wenyewe umeandikwa urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Jiwe lake ni tumbawe, jepesi, lenye vitundu vitundu. Lipu ilipobanduka unaona ndani yake magamba na mirija ya viumbe vilivyokufa zamani. Mawe yameungwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe yaleyale kwenye tanuri la magogo. Jua hulipiga jiwe kutwa, joto likaanza kupenya taratibu, na kabla halijafika upande wa pili magharibi imeingia.

Dari linashikwa na boriti za mikoko. Boriti hizo huwa hazipiti mita tatu hivi, basi chumba nacho hakina budi kuwa chembamba: kwa urefu unaweza kutandika mikeka ya kulisha ukoo mzima, kwa upana ni hatua nne. Nusu ya usanifu wa nyumba hii iliamuliwa na mti. Vyumba vinafuatana, kila kimoja kikiwa ndani zaidi na chenye giza zaidi kuliko kilichotangulia, vyote vikielekea kiwanda, ule ua wa katikati ulio wazi juu. Hewa ya moto ya kiwandani hupanda, na nafasi yake huzibwa na hewa iliyokuwa imelala kwenye kivuli cha vichochoro. Mlango wa tatu kutoka hapa pana wikio, chumba kilichovuka kichochoro kwa juu kuunganisha nyumba mbili. Waliokijenga walitaka nafasi ya ziada; mpita njia akapata kivuli cha bure. Feni ipo, imetundikwa. Mwenye nyumba anasema huwashwa Machi.

Nilichokuja kukiona kipo mwisho wa nyumba, chooni. Birika limejengwa kwenye kona, la pembe nne, limesuguliwa kwa chokaa mpaka likawa laini, na maji yake hayazidi kimo cha goti. Jicho likishazoea giza, linaona bakuli la kaure, la buluu na jeupe, lililozamishwa katika sakafu ya birika, mdomo wake ukiwa sawa na lipu. Juu ya bakuli wamesimama samaki wawili wembamba, urefu wa kidole. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakiisha birikani, bakuli hubaki na kiasi cha kuwaweka hai mpaka maji mengine yaletwe.

Kata ni ya kifuu cha nazi, yenye mpini mrefu uliong'aa kwa kushikwa. Bibi mwenye nyumba alinipa nijimwagie miguu, akasimama mlangoni kunitazama.

“Kata isifike tini, mwanangu,” alisema. “Utawakoroga.”

Nikateka juu juu. Kifuu kile huchukua nusu lita kwa kukadiria, na miguu yote miwili ilitakata kwa kata tatu. Asubuhi ya siku hiyo, bomba la nyumba ya wageni nilikolala lilikuwa limemwaga zaidi ya hapo nikisubiri tu maji yapate uvuguvugu. Maji ya miguu yangu yaliingia kwenye kitundu cha sakafu, yakafuata mfereji mwembamba wa lipu, yakaishia kwenye shina la mpapai nyuma ya nyumba. Mpapai ulikuwa na matunda manne, moja limeanza kuwa manjano.

Sitaki kuisifu nyumba hii kupita kiasi. Maji yalihesabiwa kwa sababu yalibebwa, na katika zile enzi ambazo Lamu ilitajirika, wengi waliobeba walikuwa watumwa. Anayesema wazee wetu walijua kuhifadhi maji aulize kwanza yalipanda ngazi kwa mabega ya nani. Lakini birika limewazidi umri wale waliolijenga na wale waliolijaza, na leo bado linamlazimisha mtu achote kabla hajamwaga. Bomba halimwombi mtu chochote.

Mabomba yapo, yanapita chini ya vichochoro. Siku ya zamu ya mtaa unasikia matangi meusi ya plastiki yakinguruma juu ya madari, yakijaa. Visima vya zamani vipo pia, misikitini na nyuani, vingine vikiwa na kingo zilizochimbika mistari kwa kamba. Nilionja kimoja. Maji yake ni ya magadi, ya kufulia.

Kutafuta yanakotoka yale ya kunywa nilifuata njia ya ufukweni hadi Shela, mwendo wa kilomita tatu hivi, mkondo wa bahari ukiwa kushoto. Nyuma ya kijiji mchanga unainuka. Ni vilima vyeupe, vya mgongo laini, vinavyosindikizana na pwani ya kusini mpaka macho yanachoka. Upepo unapopita, ngozi yao ya juu inatambaa na kuingia kwenye viatu. Hakuna bomba linaloonekana, wala ukuta, ila visima vichache vyenye vifuniko kwenye mabonde. Hili ndilo tangi la mji.

Kisiwa hakina mto. Mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 1,000, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Aprili na Juni. Ikinyesha juu ya mchanga huu haipati nafasi ya kukimbilia baharini: hunywewa palepale, ikashuka mpaka ikutane na maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake. Wataalamu wa maji ya ardhini wana kanuni yao: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Ukiigeuza kanuni hiyo, inatisha. Vuta kwa pampu mpaka ile mita ya juu iishe, na baada ya muda chumvi itapanda mita 40 kuja kukulaki.

Ushahidi uko ng'ambo ya mkondo, kwenye kisiwa cha Manda. Mji wa Takwa ulistawi pale karne ya 16 na 17, kisha ukahamwa. Wanaosimulia hutaja ugomvi na Pate. Hutaja pia visima vilivyoingia chumvi. Watu wake walivuka wakaja kukaa Shela, penye mchanga. Wajukuu wao bado hurudi Takwa, kwenye kaburi lenye nguzo, kuomba mvua.

Sasa nyumba za Shela zinapanda kuelekea vilimani. Niliingia moja inayojengwa, ghorofa tatu. Kwa macho imezingatia kila kitu: madaka ya mlangoni, zidaka kwenye kuta, mlango wa nakshi unaosubiri kufungiwa. Ukigonga ukuta unasikia tofali la saruji. Kiwandani, mahali ambapo hewa ingezunguka, pamechimbwa bwawa la kuogelea, na shimo la maji machafu liko hatua chache kutoka pale mchanga unapoanza. Nimesikia wasanifu wa mijini wakiuita mtindo huu ujenzi wa kijani kwa sababu ya makuti ya juu. Makuti ni mazuri, sikatai.

Nikapanda darini na fundi, mtu wa Ndau, kisiwa cha kaskazini kisichoamini mabomba. Dari tupu nililikadiria mita za mraba 120. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, basi mvua ya milimita 900 ingelimwagia dari hili lita 108,000 kwa mwaka. Marizabu mawili yametokeza ukingoni, tayari kuzitema zote kichochoroni.

“Kwetu tunapiga lipu hata uwanja,” fundi alisema, “mvua ipate kushuka kwenye jabia. Jabia likijaa, mtaa mzima unateka.”

“Hapa hujaambiwa ujenge?”

“Ramani haina.” Alinipeleka kwenye pembe, akainama, akanionyesha tundu la inchi nne aliloliacha chini ya ukingo, limezibwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Mwenye nyumba akitaka kushusha bomba hadi kwenye tangi la chini, njia ipo, hakuna cha kubomoa. Asipotaka, litazibwa siku ya lipu ya mwisho.

Nilimuuliza siku hiyo ni lini. Alisema baada ya Idi, saruji ikiwahi kufika, na kwamba mwenye nyumba hupiga simu kila Ijumaa kuuliza habari za bwawa.