Mali Iliyo Chini ya Ardhi

Kijiweni kwetu Rujewa, ukitamka neno "kuchimba" watu hawafikirii kisima. Wanafikiria mali ya Mjerumani. Eti Wajerumani walipokimbia Vita Kuu ya Kwanza walizika rupia, dhahabu na zebaki chini ya mibuyu na kwenye mahame ya machifu, na mwenye ramani au mganga mzuri ndiye atakayekula. Washikaji wengi nimewasikia wakiapa. Aliyeitoa mali yenyewe sijamwona hata mmoja.

Binamu yangu naye alinaswa. Aliuza mpunga wa msimu mzima, akakopa na juu yake, akamlipa bwana mmoja mwenye mashine ya kupimia, wakaingia usiku kwenye mahame fulani huku Usangu. Nilipofika siku ya tatu, shimo lilikuwa limenipita kimo. Kwenye kifusi kulikuwa na vigae vya vyungu, majivu, mifupa ya ng'ombe na ushanga mmoja wa buluu.

"Hizo takataka, bwana," akasema. "Tukifika chini ndipo penye mzigo."

Ndugu msomaji, takataka zile ndizo zilikuwa mzigo wenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu nimefika Kilwa Kisiwani, nikatembea katika magofu ya Husuni Kubwa. Husuni maana yake ngome, ingawa lile lilikuwa jumba la kifalme lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Ni la karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Suleiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Miaka ya 1960 Neville Chittick alipochimba pale, hakuwa anatafuta sanduku la dhahabu. Watu wa kazi hiyo hugawa eneo kwa kamba, hutoa udongo tabaka kwa tabaka kwa mwiko na brashi, huuchekecha, na kila kigae huandikiwa kimetoka wapi na kina gani. Kama ardhi haijavurugwa, tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu. Kigae cha China kinachojulikana umri wake hukusaidia kujua umri wa tabaka lililokilaza.

Sarafu moja ya shaba yenye jina la sultani huyo ilipatikana Zimbabwe Kuu, bara kabisa. Kwa uzito wa shaba, bei yake si kitu. Lakini kwa kuwa ilikutwa pale, inatuambia kuwa nchi ile ya dhahabu na Kilwa zilikuwa zinajuana. Sarafu nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mchangani na mwanajeshi mwaka 1944, visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hazikuwa katika tabaka lolote. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko.

Na sisi tulikuwa na ngome. Merere, mtemi wa Wasangu, alikuwa na makao yake Utengule. Wahehe wakamfukuza, akajenga ngome nyingine Usafwa. Kule Kalenga, ngome ya mawe ya Mkwawa ilianguka mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Misafara ya pembe ilipita nchi hizi ikileta nguo na shanga za pwani. Ule ushanga wa buluu, ungekutwa mahali pake, huenda ungesema ulifika kabla ya vita hivyo au baada yake, na kama uliachwa jikoni au kaburini. Sasa uko mezani kwangu. Ni ushanga tu.

Nilimweleza binamu haya yote. Akaniuliza: "Historia inalipa deni?"

Hailipi, ndugu yangu. Ila shimo nalo halikulipa, tena limekula mpunga wako na habari zetu pamoja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini hakuna askari wa kulinda kila mbuyu. Kwa hiyo wewe unayependa kuandika, ukikuta vigae shambani, viache vilivyo. Andika ni kijiji gani, karibu na mti gani, na mzee gani alikueleza palikuwa kwa nani. Kisha mpelekee taarifa Afisa Utamaduni. Fanya hivyo mapema. Wazee wenyewe wanapungua.