Daftari la Nyamisati

Jumanne, 13 Agosti 2024. Kibiti.

Nimeshuka basi saa nane mchana. Kibiti ya barabarani ni machungwa, korosho na bodaboda. Mgeni hawezi kujua kwamba bahari iko karibu, sembuse bandari. Nami nimekuja kwa ajili ya bandari, ile ya kale ya Rhapta. Ni huku, Mkukutu, ambako Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipata shanga za kioo za Kirumi, akazitangaza mwaka 1999.

Nimemsimulia mama mwenye nyumba ya wageni. Akauliza, "Mwalimu, umetoka mjini kote huko kwa shanga?" Nikasema ndiyo, mama. Akacheka, akaniletea chai.

Jioni watoto wawili waliosikia wameniletea shanga walizookota. Za plastiki, nyekundu na buluu. Nimewapa mia tano. Kesho watakuja na gunia.

Jumatano, 14 Agosti. Nyamisati.

Maji mafu. Boti za kisiwa cha Mafia zipo, abiria wapo, tope lipo zaidi. Nimekaa chini ya mwembe na nakala yangu ya Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza. Soko la mwisho kabisa la pwani ya Azania, unasema, ni Rhapta, na jina limetokana na mashua zilizoshonwa. Zilizoshonwa kwa kamba, kama mitepe ya babu zetu ilivyoshonwa kwa usumba bila msumari hata mmoja. Huko zilipatikana pembe za ndovu kwa wingi, na magamba ya kasa. Wageni walileta mikuki, mashoka, visu, misharasi na vyombo vya kioo.

Ila mimi hurudi kila mara kwenye habari moja ndogo: watu wa Muza, Yemen ya leo, walituma manahodha Waarabu waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao, wakaijua pwani na lugha yake. Lugha yenyewe mwandishi hakuitaja. Angeandika maneno matatu tu ya sokoni, hata matusi!

Jumamosi, 17 Agosti.

Leo nimekaa na nahodha mstaafu, mzee wa Kinyagatwa. Nimemwamkia shikamoo, naye akataka kwanza kujua kwetu ni wapi. Kisha akaanza kunihesabia milango ya delta ya Rufiji: Kikunya, Simba Uranga, Kiomboni, Msala. Amepakia boriti tangu ujana wake. Boriti huhesabiwa kwa korja, ishirini ishirini, na zamani majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi nazo Arabuni kwa kusi. Nyumba nyingi za Ghuba zina dari za mikoko ya Rufiji.

Nimemuuliza bandari ya zamani ilikuwa wapi. "Ipi, mwalimu? Mto ukihama, bandari nayo inahama."

Ni kweli. Wajerumani waliweka ofisi ya misitu ya mikoko Salale. Mwaka 1914 manowari yao Königsberg ilikuja kujificha huko huko, mpaka Julai 1915 ilipozamishwa mtoni. Makao yao ya utawala yalikuwa Mohoro, ambako Kinjikitile Ngwale, mganga wa Maji Maji, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Baadaye utawala ukahamia Utete. Leo mzigo wa Mafia unapita Nyamisati. Katika miaka mia na ushee tu, hatua zote hizo. Sasa piga hesabu ya miaka elfu mbili ya mafuriko. Haya ya Aprili tu yamezamisha mashamba ya watu na kuacha mchanga mahali palipokuwa na mpunga.

Jumanne, 20 Agosti.

Bamvua. Maji yamepanda hadi miguuni pa mikoko, na ghafla kila kijito kinapitika.

Wapo wanaoiweka Rhapta Dar es Salaam, wengine Pangani. Mimi nabaki na Chami, anayeiweka huku Rufiji. Ptolemy, katika karne ya pili, anaiweka kwenye mto wenye jina hilohilo, ndani kidogo kutoka baharini. Ukisimama hapa maji yakijaa huhitaji ramani nyingine. Tatizo letu ni kwamba tumezoeshwa na Kilwa. Tunatafuta kuta na misikiti ya mawe, na tusipoiona tunasema hapakuwa na mji. Mji wa udongo, miti na makuti, wenye mashua za kamba, mto ukishapita juu yake, utaacha nini? Vigae na shanga.

Nimemwambia mzee hayo. Amenisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeshakata tiketi. Boti ya Kilindoni, Mafia, inaondoka alfajiri, kabla maji hayajaanza kupwa.