Kuta za Nyasho na Ngao za Moru

Afikaye Nyasho, mjini Musoma, hahitaji kujua kusoma ili ampate kinyozi. Kichwa kilichochorwa ukutani, na mkato wake wa nywele, chamwelekeza. Fundi cherehani naye hujulikana kwa cherehani ya rangi, na muuza samaki kwa sangara mnene kuliko wote waliopata kuvuliwa ziwani. Mchoraji naye ana haki ya kutia chumvi!

Lakini ndugu msomaji, ziko picha zenye habari nzito zaidi. Ukishika njia ya Bunda, ukaingia Hifadhi ya Serengeti kwa lango la Ndabaka na kusafiri hadi katikati ya mbuga, utayakuta majabali ya Moru. Juu ya jabali mojawapo zimechorwa ngao za Wamasai, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Nakshi ya ngao haikuwa pambo tu: ilimtambulisha morani, rika lake na watu wake. Wenzake waliisoma kwa mbali, kama sisi tusomavyo kibao cha basi.

Mwaka 1959 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamasai kutoka Serengeti, wakahamia Ngorongoro. Maboma yalibomoka, mapito ya ng'ombe yakaota nyasi. Ngao zimebaki jabalini. Mgeni aliyekwenda kutazama simba husimama hapo, na mara humwuliza dereva: ni nani waliokuwa wakiishi hapa, na wamekwenda wapi?