Msumeno wa Urithi

Alikuwako fundi seremala mmoja katika mji wa Geita, mzaliwa wa Shinyanga. Karakanani mwake palikuwa na msumeno wa mashine, wenye meza ya chuma na bapa la duara lizungukalo kwa umeme. Aliurithi kwa baba yake. Tangu mgodi mkubwa wa dhahabu ulipofunguliwa Geita mwaka 2000, mji ulikua, na watu walitaka milango, madirisha na vitanda. Basi msumeno ule ukawalisha wengi.

Lakini ulikuwa umezeeka. Mkanda wake uliteleza, beringi zililia, na kinga ya juu ya bapa haikuwapo. Siku moja mwanafunzi wake alikuwa akipasua ubao wa mninga. Mara mpasuko ukajifunga, ubao ukalibana bapa, ukarushwa nyuma kwa nguvu, ukapita karibu na kifua chake na kupiga ukuta. Kijana hakuumia, ila mikono yake ilitetemeka hata jioni.

Jirani akasema, "Fundi, usijisumbue. Ajali haina kinga."

Fundi akajibu, "Ndiyo, lakini msumeno unayo kinga, nasi tumeiondoa."

Hata hivyo hakujua kama auuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu au auweke. Jumamosi akapanda basi kwenda Shinyanga kumwona mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia wataka kuuza msumeno wa baba yako. Usiuuze, ule ndio ukumbusho wake."

Fundi akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, vidole viwili vya baba vilikatwa na nini?"

Mama akatazama chini. "Na msumeno ule ule. Aliiondoa kinga, akisema yamchelewesha."

Fundi alikuwa mtoto wakati ule, naye alidhani vidole pungufu ni alama ya ufundi.

Aliporudi Geita, aliukata umeme kwanza, ndipo akaukagua msumeno. Meza haikuwa na ufa, na mhimili ulikuwa umenyoka. Mkanda na beringi vingeweza kununuliwa. Vilivyopungua ni kinga, na kile kibamba cha chuma kisimamacho nyuma ya bapa ili kuuweka wazi mpasuko. Kibamba hicho hakina budi kuwa kinene kuliko mwili wa bapa, lakini chembamba kuliko mpasuko wenyewe. Tena alikumbuka ya kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yaamuru mashine za hatari zikingwe.

Basi akaamua: msumeno ungepewa mwezi mmoja. Ukitengenezwa sawasawa, utakaa; usipotengenezeka, utauzwa kama chuma, ingawa ni wa baba. Mwezi ule walipasua mbao kwa mkono, na wateja wengine wakaenda kwingine. Fundi aliona hasara, lakini hakuuwasha.

Siku ya ishirini na tano kinga na kibamba vilikuwa tayari. Fundi mwenyewe akapasua ubao wa kwanza, mwanafunzi akitazama kutoka kando. Ubao ukapita kimya, wala haukubana.

Msumeno ukabaki. Baba hakuvunjiwa heshima: kazi yake iliendelezwa, na kosa lake halikurithiwa.