Turtuk: Udugu Uliokatwa na Mpaka

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tupate kuzingatia. Kutoka mji wa Leh, katika eneo la Ladakh kaskazini mwa India, tulishika njia ya kwenda Turtuk kwa gari, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Barabara hupanda hadi Khardung La, njia ya mlimani ipitayo mita 5,300, ambako pumzi huwa fupi na kichwa hugonga. Kisha huteremka na kuandama mto Shyok baina ya majabali makavu yasiyo hata jani.

Mwisho wa ukame huo ndipo kilipo kijiji: mifereji ya maji, makonde ya shayiri, na miti ya mishmishi, tunda dogo la manjano wanaloanika juani liwe akiba ya baridi. Wenyeji ni Wabalti, Waislamu wenzetu, nao walitupokea kwa salamu tuijuayo.

Hadi Disemba 1971 Turtuk ilikuwa Pakistani. Vita vikaja, na waliolala Pakistani wakaamka India. Waliokuwa wametoka kwa kazi au masomo walibaki ng'ambo: mume huku, mke kule, mzazi huku, mwana kule. Wametengwa na milima michache, lakini kuonana kwataka viza na mzunguko wa safari ndefu.

Wao wamezuiwa na mpaka wenye askari. Sisi, ambao jamaa zetu wako mtaa wa pili, tuna udhuru gani wa kutokuunga udugu?