Jumba la Mapadri na Shimo Lake

Mwenzenu nimetoka Kisiwa cha Msumbiji. Siyo Msumbiji nchi, la hasha, kisiwa chenyewe ambacho nchi nzima imechukua jina lake. Bibi yangu mzaa mama ni Mmakua wa Masasi, na tangu tukiwa wadogo alikuwa akituambia asili yao ni ng'ambo ya Ruvuma. Basi nikasema ngoja nikaone.

Kutoka Nampula nilibanwa ndani ya chapa, ndiyo daladala zao hizo, magoti yamegusa kidevu na kuku wa mtu miguuni. Unaingia kisiwani kwa daraja la zaidi ya kilometa tatu, jembamba kweli, gari moja lazima lisubiri pembeni ndipo jingine lipite.

Kilichonivuta hasa ni jumba. Ukifika Mji wa Mawe, upande wa kaskazini, huulizi mtu. Limepakwa rangi ya damu ya mzee, madirisha safu safu, kanisa limeshikana nalo ubavuni, na mbele yake wamemsimamisha Vasco da Gama. Wanaliita Ikulu ya Mtakatifu Paulo, mtu utadhani lilijengwa kwa ajili ya gavana. Wapi! Waliolijenga ni mapadri Wajesuiti, mwanzoni mwa karne ya 17, liwe chuo chao. Wakati huo mji ulikuwa bado unauguza majeraha, maana Waholanzi walikuja mwaka 1607 na tena 1608 kuinyang'anya ngome ya Mtakatifu Sebastian. Ngome ikawashinda, hasira zao wakazimalizia kwa kuchoma mji.

Mimi nina kidato cha nne tu, na shuleni tuliimbishwa Fort Jesus mpaka basi, lakini kisiwa hiki sikumbuki mwalimu kukitaja. Kumbe Fransisko Ksaveri mwenyewe alikaa hapa miezi kadhaa kati ya 1541 na 1542, akiuguza mabaharia huku wakisubiri upepo wa India. Padri Gonçalo da Silveira naye alipita 1560 kwenda kwa Mwenemutapa, na mwaka uliofuata akauawa huko huko.

Utawala wa mapadri uliisha kwa amri. Mwaka 1759 mfalme wa Ureno, akisukumwa na waziri wake Pombal, aliwafukuza Wajesuiti katika himaya yake yote. Gavana akahamia kwenye chuo chao, vitabu vikapisha karamu. Ikawa ikulu mpaka makao makuu yalipohamishiwa Lourenço Marques mwaka 1898, mji ambao leo ni Maputo. Sasa ni makumbusho, na viti vya mbao vilivyochongwa humo ndani, jamani, hata kuvikalia ungeona aibu.

Nikapiga picha weee, kisha nikashika njia ya kusini.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nyumba za mawe zilikoma, na nikajikuta naangalia mapaa ya makuti kwa juu kama niko ghorofani, kumbe miguu yangu iko barabarani! Mtaa mzima uko chini, unashuka kwa ngazi. Nikashuka. Bibi mmoja alikuwa anakuna nazi, uso umepakwa msiro mweupe.

"Salama," nikasema.

"Salama," akaitikia, kama tuko Mtwara vile.

Kimakua changu kiliishia hapo. Kijana mmoja aliyewahi kufanya biashara Mtwara akatusaidia.

"Shikamoo bibi. Mbona mmejenga shimoni?"

Bibi akacheka hadi akaweka mbuzi chini. "Mjukuu wangu, sisi hatukuchimba. Umetoka kwenye jumba jekundu? Basi shimo ni hilo. Walilitoa hapa wakalisimamisha kule."

Na ndivyo ilivyo. Mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji wa Mawe yalichimbwa upande huu wa kusini, na machimbo yalipoachwa watu weusi wakajenga vibanda humo humo. UNESCO ilipokiandika kisiwa katika urithi wa dunia mwaka 1991 ilikiandika chote, mawe na makuti. Ila wageni wengi hugeuzia pale kwenye jumba. Mvua ikinyesha maji ya barabarani yote yanateremkia huku, na kimbunga Gombe cha Machi 2022 kilipita na mapaa. Wanaojiweza wanaezeka bati, wataalamu wa urithi wananuna. Mimi ningeezeka bati.

"Kule umepiga picha ngapi?" bibi akauliza.

Nikaona haya kusema. Nikatoa simu. Akanizuia kwanza, akajifunga kanga vizuri, kisha akaangalia juu. Wingu lilikuwa limefunga upande wa bara. Picha ikasahaulika: alimwita yule kijana, tukapandisha gunia la mchele juu ya kitanda, mimi nimeshika upande mmoja.