Cheti cha Tabia Njema

Tabia ya mtu hujulikana na jirani zake kabla haijajulikana na polisi. Jirani humjua arudishaye jembe aliloazima, humjua ampigaye mkewe, na humjua aamkaye usiku wa manane mlango wake ukibishwa na mwenye mgonjwa. Polisi humjua yule tu aliyeletwa kituoni. Walakini mtu atakapo kukaa daima katika nchi ya ugeni, hapana amwulizaye jirani. Huulizwa polisi wa nchi alizopata kuishi, nao hujibu kwa karatasi moja kwamba jina lake halikuonekana katika madaftari yao. Karatasi hiyo nchini Kenya huitwa cheti cha tabia njema. Jina limekizidi kitu chenyewe, maana cheti hakisemi kwamba mtu ni mwema. Husema kwamba hakupatikana na kosa. Kati ya maneno hayo mawili pana nafasi ya kupita watu waovu wengi, na ya kukwama watu wema kadha wa kadha.

Muuguzi mmoja, mzaliwa wa Nakuru, alikwama hapo akiwa mjini Winnipeg. Alikuwa ameondoka Kenya miaka minane nyuma, akamwacha mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 13, mikononi mwa bibi yake. Miaka mitano aliuguza wagonjwa Maskati, mitatu Kanada. Ndipo alipopata mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu, na kama ilivyo sheria ya mwaliko huo, akapewa siku 60 za kukamilisha ombi. Lakini sheria ya nchi ile humhesabu mwana kuwa mtegemezi wa mzazi maadamu hajatimiza miaka 22 wala hajaoa, na umri unaotazamwa ni ule wa siku ombi kamili lipokewapo. Serikali ilimpa siku 60. Tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe ilimpa 47.

Cheti kilitakiwa kutoka kila nchi ambayo mwombaji aliishi miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita. Kwake zilikuwa mbili, Kenya na Oman. Na kijana naye, kwa kuwa alikuwa amepita miaka 18, alitakiwa cha kwake. Cha Oman alikuwa nacho. Alikichukua juma moja kabla ya safari, akakikunja pamoja na vyeti vya uuguzi, akajiona mwenye busara. Aliposoma masharti kwa makini alikuta kwamba cheti cha nchi iliyohamwa sharti kiwe kimetolewa baada ya kuhama. Juma moja la maisha yake lilikuwa limebaki bila shahidi.

Kwa upande wa Kenya ilihitajika fomu ya alama za vidole, ipelekwe Nairobi. Aliyempaka wino Winnipeg aliitazama karatasi, akaigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Mistari haikutoka. Mikono iliyooshwa kwa sabuni na dawa mara nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka, huchakaa. Waashi na wauguzi huwataabisha sana wapima vidole. Akashauriwa aipake mafuta na kuipumzisha siku chache, kisha arudi. Ikawa kazi ile ile ambayo ingestahili kuwa ushahidi wa tabia yake ndiyo iliyofuta alama za kumtambulisha. Siku tano zikapotea hivyo.

Wino huo una historia ndefu. Mwaka 1858, huko Bengal, mtawala Mwingereza aliyeitwa William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja, Rajyadhar Konai, aweke chapa ya kiganja chake juu ya mkataba, ili asithubutu baadaye kuukana. Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta. Mpango wake wa kuzipanga alama ulipewa jina la Edward Henry, ingawa sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mwaka 1901 London ikaufuata. Kenya haikukawia. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza kwisha, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua kipande, chenye alama za vidole na maneno ya bwana wa kazi, ndani ya kopo la bati lililoning'inizwa shingoni. Waliolivaa walilifananisha na kengele ya mbuzi. Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliopinga jambo hilo kwa sauti kubwa, akakamatwa mwaka 1922.

Kijana alipotoka kupigwa alama zake Nakuru, alimpigia mama yake simu.

"Mama, wamemaliza. Vidole vyote kumi ni vyeusi."

"Visugue kwa mafuta ya taa kidogo, mwanangu, halafu sabuni."

Bibi akaiomba simu. Akasema kwamba kopo la baba yake bado limo sandukuni, na kwamba siku zile mtu alipakwa wino ili asiondoke shambani kwa mzungu. Sasa mjukuu wake amepakwa wino ili aondoke. Hakusema lipi ni afadhali.

Hapana budi kukiri kwamba mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza mgeni habari zake. Neno ni kwamba humwuliza mtu asiyemjua mgeni huyo, kisha huliamini jibu kwa sababu lina muhuri.

Siku ya 43 vyeti viwili vya Kenya vilikuwa mkononi. Kipya cha Oman kilikuwa bado. Mwombaji aliyecheleweshewa huweza kuambatisha ushahidi kwamba amekiomba cheti, pamoja na barua ya maelezo. Kuikubali au kuikataa ni juu ya afisa. Yule muuguzi akaambatisha cheti cha zamani na risiti ya ombi jipya, akakaa kuandika. Alikusudia mistari mitatu. Alipofika kwenye lile juma lisilo na shahidi, akaeleza kwamba katika siku zake saba alifanya kazi usiku wa nne. Kwamba usiku wa mwisho bibi mmoja wa Sur alifariki kabla ya alfajiri, akiwa ameushika mkono wake, kwa kuwa wanawe walikuwa bado njiani. Na kwamba asubuhi yake alirudisha sare na funguo, akapanda ndege. Barua ikawa ukurasa mmoja na nusu. Aliituma saa tatu usiku, akavaa koti, akaenda zamu.